Homa za watoto zinazofanana: maswali mnayouliza kuhusu vipimo vya damu

Nipo maabara miaka mingi sasa, na sampuli nyingi zinazopita mikononi mwangu ni za watoto wenye homa. Maswali ya wazazi pale dirishani ni yale yale na nayaelewa kabisa, manake unapewa karatasi imejaa namba na vimishale vya juu na chini alafu unaambiwa subiri dokta, na mtoto begani anawaka moto. Nimeyaweka hapa pamoja na majibu kama ninavyowaelezea watu ana kwa ana. Kitu kimoja nitakirudia sana: namba bila kujua homa ina siku ngapi ni nusu ya habari.

Homa si homa tu? Kwanini wamtoboe mtoto?

Kwa sababu mwanzoni karibu zote zinafanana. Mtoto ana joto 39, hataki kula, analia, macho mekundu, labda na vipele. Hiyo inaweza ikawa virusi vya kawaida vitakavyoisha vyenyewe, inaweza ikawa malaria, dengi, surua, nimonia, bakteria kwenye mkojo, bakteria kwenye damu, au ugonjwa wa Kawasaki ambao hauna hata mdudu anayejulikana. Dawa zake ni tofauti kabisa. Anayehitaji dawa ya bakteria akiikosa kwa siku moja anaweza kufa, na anayepewa bila kuhitaji anaharisha bure na wadudu wanazoea dawa. Damu inasaidia kuchambua, ila haifanyi kazi hiyo peke yake: mtoto anapimwa kwa macho na mikono kwanza, sindano inafuata.

Na sio kila homa inahitaji kutobolewa. Mtoto mwenye mafua, anacheza, anakunywa, ana siku ya pili ya homa, sehemu isiyo na malaria, mara nyingi dokta atamwangalia tu na ni sawa kabisa.

CRP ni nini, na ikiwa juu ndo bakteria tayari?

CRP ni protini inayotengenezwa na ini pale mwili unapopambana na kitu. Iligunduliwa mwaka 1930 kwa wagonjwa wa nimonia, watafiti waliona kuna kitu kwenye damu yao kinashikana na sukari ya C iliyo kwenye ukuta wa bakteria wa nimonia, ndo jina lake lilikotoka. Mtoto mzima kwa kawaida anakuwa chini ya 5 au 10 kwa kipimo cha miligramu kwa lita.

Ikiwa juu inamaanisha kuna moto ndani, ila haisemi nani kauwasha. Bakteria huipandisha sana, mara nyingi kupita 80 au 100, na virusi vingi huiacha chini. Sasa hapo kwenye "vingi" ndo pa kuangalia, manake kuna virusi vinaitwa adenovirusi, hivi vinaweza kuipandisha CRP kupita 100 na mtoto akawa na macho mekundu na koo limevimba, yaani ukimwangalia unaweza kuapa ni bakteria au Kawasaki. Malaria nayo inaipandisha. Kawasaki inaipandisha. Hata kuungua moto au kufanyiwa upasuaji kunaipandisha. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mawingu hayakuambii mvua itanyesha shamba la nani.

Juzi tuliambiwa CRP ni 4, leo hospitali nyingine wanasema 38. Imepanda mara kumi?

Angalia vizuri herufi ndogo pembeni ya namba kabla hujaogopa. Kuna maabara zinaandika miligramu kwa lita na zingine miligramu kwa desilita, na tofauti yake ni mara kumi kamili. Yaani 4 kwa desilita ni 40 kwa lita, kwa hiyo huyo mtoto pengine yuko pale pale alipokuwa. Nimeona wazazi wanalia kwa hili, na nimeona pia kinyume chake, mtu kaondoka anashukuru kwamba ni 4 tu kumbe ni 40. Siku zote uliza kipimo chake ni kipi, na karatasi ya zamani usiitupe.

Kipimo cha asubuhi kilikuwa safi, kesho yake kikasoma 120. Mlikosea?

Hili ndo swali ninalolipenda kulijibu kuliko yote kwa sababu hapa ndo watu wengi wanapopotea, hata baadhi yetu tulio ndani.

CRP haipandi papo hapo. Homa ikianza, ini linahitaji kama saa 6 mpaka 12 ndo namba ianze kuonekana, na kilele chake kinafika karibu siku moja na nusu mpaka siku mbili baadaye. Kwa hiyo mtoto aliyeanza homa saa nane usiku ukampeleka saa mbili asubuhi anaweza akasoma 6 na ana bakteria mkali kwenye damu. Kipimo hakijakosea, kimepimwa mapema tu. Ndo maana ukiulizwa "homa imeanza lini" usijibu "tangu juzi juzi", jaribu kukumbuka saa kabisa, kwa sababu jibu lako ndo linaipa namba yetu maana.

Kushuka nako kuna mwendo wake. Moto ukizimwa, CRP inapungua nusu kila baada ya kama saa 19, yaani karibu kila siku. Sasa mtoto aliyekuwa 160 jana na leo ni 85 anaendelea vizuri hata kama 85 bado inatisha, na aliyekuwa 40 jana leo 90 hayuko salama hata kama namba yake ni karibu sawa na ya mwenzake. Vipimo viwili vilivyopishana siku moja vinasema mengi kuliko kimoja.

Prokalsitonini ni bora kuliko CRP?

Nayo ni kitu kinachopimwa kwenye damu kama CRP, na kwa kazi fulani ndiyo, ni bora. Inapanda haraka zaidi, ndani ya saa 2 mpaka 4, kwa hiyo mtoto aliyeletwa mapema inamshika vizuri. Alafu kuna kitu kizuri kuhusu virusi: mwili ukipigana na virusi unatoa kemikali inayozuia prokalsitonini isipande, kwa hiyo inatenganisha bakteria na virusi vizuri kidogo kuliko CRP. Mstari unaotumika sana, yaani ikivuka hapo ndo tunashuku bakteria, ni 0.5 nanogramu kwa mililita.

Ila malaria kali inaipandisha pia, na mtoto aliyezaliwa leo au jana anakuwa nayo juu kwa kawaida tu bila ugonjwa, ukimsoma kwa mstari wa mtoto mkubwa utampa dawa asizohitaji. Na haipatikani kila mahali. CRP iliyopimwa kwa saa sahihi na kurudiwa inakupeleka mbali, msijisikie vibaya kama prokalsitonini haipo.

Picha kamili ya damu inaonyesha limfosaiti ziko juu kuliko nyutrofili, ni mbaya?

Hizo ni aina mbili za chembe nyeupe za damu, na kwa mtoto mdogo hapana. Baada ya wiki za kwanza za maisha mpaka miaka minne mitano hivi, limfosaiti kuwa nyingi kuliko nyutrofili ndo kawaida yao. Kuna mashine zinaweka kimshale kwa sababu zinamlinganisha na mtu mzima. Mwambie anayesoma umri wa mtoto.

Kwa ujumla nyutrofili zikipanda sana tunafikiria bakteria, chembe nyeupe zote zikishuka tunafikiria virusi kama dengi au surua, au taifodi, lakini pia bakteria mkali kwenye damu anaweza kuzimaliza chembe nyeupe mpaka zikawa chache. Kwa hiyo chembe nyeupe kuwa kawaida sio kibali cha kurudi nyumbani kama mtoto amelegea.

Kawasaki ni nini na kwanini watu wanaikosa?

Daktari wa Japani, Tomisaku Kawasaki, alimwona mtoto wa kwanza mwaka 1961 na mwaka 1967 akaandika kuhusu watoto 50. Ni kuvimba kwa mishipa ya damu, huwapata zaidi walio chini ya miaka 5. Homa inayodumu siku 5 au zaidi, macho mekundu yote mawili bila tongotongo, midomo iliyokauka na kupasuka na ulimi mwekundu wenye vipele vipele, upele mwilini, mikono na miguu kuvimba au kuwa myekundu na baadaye ngozi za vidole kubanduka, na tezi ya shingo kuvimba. Vinne kati ya hivyo vitano pamoja na homa, ndo Kawasaki kamili.

Shida ni kwamba dalili haziji siku moja. Upele unakuja Jumatatu unaondoka Jumatano, macho yanaanza Alhamisi, na kila siku mtoto anaonwa na mtu tofauti. Pigeni picha kwa simu, jamani, kila dalili na tarehe yake. Picha ya upele uliokwisha kupotea imewahi kuokoa moyo wa mtoto, nasema hivi kwa sababu ninamjua.

Na nasema moyo kwa makusudi. Bila matibabu, karibu mtoto 1 kati ya 4 au 5 anapata kuvimba kwa mishipa inayolisha moyo. Akipewa immunoglobulini (kingamwili za watu wengine) kwa dripu ndani ya siku 10 za mwanzo inashuka mpaka kama 4 kati ya 100. Tofauti ni kubwa mno kupotezwa kwa kusubiri.

Kuna kipimo cha damu kinachosema "hii ni Kawasaki"?

Hakuna. Na hapo ndo vipimo vingi vidogo vinaposhikana mikono. Mtoto mwenye siku 5 au zaidi za homa na dalili mbili tatu tu, dokta anaangalia CRP kama imefika 30 kwa lita au ESR, yaani kasi ya chembe nyekundu kuzama kwenye kichupa, ni 40 na kuendelea. Zikiwa juu anatafuta hivi: damu imepungua, chembe nyeupe zimefika 15,000, protini ya damu iitwayo albumini imeshuka mpaka 3 au chini, kimeng'enya cha ini kiitwacho ALT kimepanda, platileti (chembe za kugandisha damu) zimefika 450,000 baada ya siku ya 7, na usaha kwenye mkojo. Vikitimia vitatu, au eko ya moyo (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) ikionyesha tatizo, anatibiwa kama Kawasaki.

Huo usaha wa mkojo ni mtego mkubwa. Mtoto anaambiwa ana UTI, anapewa dawa, homa haishuki, anabadilishiwa dawa, kumbe mkojo ukioteshwa hauoti mdudu yeyote. Nikiona usaha mkojoni, kalcha (kule kuotesha) haina kitu na homa ina siku ya sita, napiga simu wodini mwenyewe.

Platileti nazo zinachanganya: wiki ya kwanza zinaweza kuwa kawaida kabisa, zinapanda wiki ya pili na kilele ni ya tatu. Ukisubiri zipande ndo uamini umeshachelewa. Na jambo moja la kiufundi, baada ya dripu ya immunoglobulini ESR inapanda kwa sababu ya ile protini iliyoingizwa, kwa hiyo usihukumu maendeleo kwa ESR, tumia CRP.

Na ule ugonjwa wa watoto baada ya korona, MIS-C, unatofautianaje na Kawasaki?

Mwishoni mwa Aprili 2020 madaktari Uingereza walitoa tahadhari kwamba wanaona watoto wenye homa kali, macho mekundu na upele, yaani kama Kawasaki, lakini wamezidi umri, tumbo linauma vibaya, wanatapika na presha inaanguka. Ilikuja kuonekana kwamba inatokea kama wiki 2 mpaka 6 baada ya kuambukizwa korona, hata kama maambukizi yenyewe yalikuwa mepesi kiasi kwamba hakuna aliyejua.

Kwenye damu utofauti ni huu. MIS-C huanza na platileti zilizoshuka au za chini chini, na limfosaiti chache sana, CRP kubwa mno, feritini (nitaieleza hapo chini) na D-daima, alama ya damu kuganda, ziko juu, sodiamu chini, na vipimo vya moyo yaani troponini na BNP vinapanda kwa sababu misuli ya moyo yenyewe inaumia. Kawasaki ya kawaida limfosaiti hazishuki hivo, na platileti mwelekeo wake ni kupanda.

Lakini kuna watoto wachache wa Kawasaki wanaoingia kwenye mshtuko na platileti zao zikashuka, na hao damu peke yake haiwatenganishi. Hapo umri, historia ya korona nyumbani, tumbo na eko ndo vinaamua, na bahati nzuri matibabu ya mwanzo yanafanana kiasi.

Feritini ya mtoto wangu imekuja elfu kadhaa, wakasema haraka haraka. Kwanini?

Feritini ni ghala la chuma mwilini, ila kinga ikipandwa na hasira inapanda hovyo. Ikiwa maelfu kwa mtoto mwenye homa isiyoisha, tunaogopa hali ambayo chembe za kinga zinaanza kula chembe za damu za mtoto mwenyewe. Inaweza kuja juu ya maambukizi au juu ya ugonjwa wa baridi yabisi ya utotoni inayoshika mwili mzima.

Cha ajabu, hali hiyo ikianza ESR inashuka huku mtoto anazidi kuumwa. Inashuka kwa sababu faibrinojini, ile protini inayofanya chembe nyekundu zizame haraka, imetumika ikaisha. Kwa hiyo CRP juu, feritini inapaa, platileti zinashuka na ESR inashuka, huo ni mchanganyiko wa kuamsha watu usiku. Ukiambiwa haraka, nenda haraka.

Dengi na malaria zinatenganishwaje?

Malaria ina kipimo chake cha moja kwa moja, kipimo cha haraka au hadubini, na WHO tangu 2010 inasema pima kwanza ndo utibu. Kipimo cha haraka kinachotafuta protini ya vimelea iitwayo HRP2 kinaweza kubaki chanya wiki kadhaa baada ya mtoto kupona, kwa hiyo homa mpya ndani ya mwezi mmoja tunapenda kuangalia hadubini. Na sehemu zenye malaria nyingi mtoto anaweza kuwa na vimelea na homa ikawa inatoka kwingine, chanya ya malaria haimfungii mlango bakteria.

Dengi siku za kwanza 1 mpaka 5 tunatafuta kipande cha virusi kinaitwa NS1, baada ya hapo kingamwili za IgM. Alafu tunafuatilia platileti na hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu. Hatari ya dengi inakuja pale homa inapoanza kushuka, siku ya 3 mpaka 7, mzazi anapumua, anasema mtoto kapona, kumbe maji ya damu ndo yanavuja. Platileti zinaanguka na hematokriti inapanda, ikipanda asilimia 20 juu ya yake ya kawaida ni kengele. Usimpe aspirini wala ibuprofeni kama dengi inashukiwa.

Widal chanya, ana taifodi?

Sio lazima. Widal, kile kipimo cha damu cha taifodi, inachanganya kingamwili za zamani, za chanjo na za magonjwa mengine. Kalcha ya damu kabla ya dawa ndo ya kutegemea.

Kichanga wa wiki tano ana homa 38, tusubiri kesho?

Hapana, leo, sasa hivi. Chini ya miezi mitatu homa ya 38 ni ya hospitali hata kama ananyonya vizuri. Kwa umri huo prokalsitonini, CRP, nyutrofili, mkojo na kalcha vinaangaliwa pamoja, na saa ingine maji ya uti wa mgongo. Msiogope hicho kipimo cha mgongo, ogopeni kutokipima pale kinapohitajika.

Kama CRP inakamata wengi, mbona dokta haamini moja kwa moja?

Tufanye hesabu ya kubuni. Watoto 100 wana homa, 10 kweli wana bakteria mkali. Kipimo kinakamata 8 kati ya hao 10, na kwa wale 90 wazima wa bakteria kinamsingizia mmoja kati ya watano, yaani 18. Jumla chanya ni 26, wa kweli ni 8 tu. Sasa wodi ya watoto mahututi ambako 50 kati ya 100 wana bakteria, kipimo kile kile kitakamata 40 na kusingizia 10. Mashine haijabadilika, wamebadilika watoto unaowapima.

Kuna kipimo kipya kinachomaliza ubishi?

Kinachonipa matumaini ni kusoma jeni za chembe nyeupe za mtoto, kwamba zimewashwa zipi. Mwaka 2016 watafiti wa Imperial College London na wenzao walionyesha kwamba jeni mbili tu, IFI44L inayopanda kwenye virusi na FAM89A inayopanda kwenye bakteria, zinatenganisha watoto vizuri sana. Mwaka 2018 ikaja ya jeni 13 kwa ajili ya Kawasaki. Pia kuna kipimo kinachochanganya CRP na protini mbili zingine, TRAIL na IP-10, na hicho kimeshaanza kutumika sehemu kadhaa. Wazo lake ni zuri, badala ya kumtafuta mdudu unauliza mwili wenyewe unadhani unapigana na nani. Ila hizi za jeni bado hazijawa kitu cha kila maabara.

Kwanini mnarudia kutoa damu? Mnamwonea mtoto.

Samahani kweli, hatufurahii. Mara nyingi sampuli imeganda. Mtoto akilia na damu ikitoka polepole, platileti zinashikana na mashine inasoma 40,000 kwa mtoto ambaye anazo 300,000, na mtu anaweza kuita dengi au kitu kibaya zaidi kwa sababu ya bonge la damu. Na chembe zikipasuka, potasiamu na kimeng'enya cha AST zinapanda uongo. Bora alie mara ya pili kuliko atibiwe ugonjwa asionao. Kwa kalcha kiasi cha damu nacho ni muhimu, matone mawili hayakamati mdudu.

Nimempa antibayotiki iliyobaki nyumbani, nimwambie dokta?

Mwambie, hakuna atakayekufokea, na akikufokea mwambie hivyo hivyo. Dozi moja inaweza kuifanya kalcha isiote kitu wakati bakteria yupo. Parasetamoli haina shida, haibadilishi CRP. Taja pia dawa za mitishamba, na kama mtoto ana selimundu, ana VVU au ana utapiamlo, manake mwenye utapiamlo mkali anaweza kuwa na maambukizi makubwa bila hata homa.

Majibu hayajatoka ila mtoto anazidi kulegea. Nisubiri dirishani?

Usisubiri. Degedege, kupumua kwa shida, shingo kukakamaa, mikono na miguu ya baridi huku tumbo lina moto, upele wa zambarau ambao ukibonyeza kwa glasi haupotei, kushindwa kunyonya au kunywa, kutoamka vizuri: yoyote kati ya hizo rudi kwa nesi sasa hivi ukiwa umemshika mtoto, sema kwa sauti. Majibu tutayaleta sisi wenyewe yakitoka.